Nilivyorudisha mwili baada ya kupasuliwa utumbo

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa utumbo, sista alinitoboa kidole, kipimo cha sukari kikasoma 11.4, juu ya kawaida. Mie sina kisukari, wala kwetu hakuna. Niliogopa kuliko nilivyokiogopa kisu.

Daktari akanituliza: "Mzee wangu, mwili wako uko vitani." Mtu akipasuliwa, homoni za kotisoli, adrenalini na glukagoni hupanda, ini linamwaga sukari kwenye damu, insulini, homoni ya kuingizia sukari hiyo, inabisha hodi kwenye misuli na haifunguliwi. Misuli yenyewe inavunjwa ili kidonda kipate cha kujengea. Nikayatazama mapaja yangu: ngozi tupu, imelegea.

Nilirudi nyumbani Ngamiani, Tanga, na kilo 56, kutoka 67. Mpwa wangu, kwa mapenzi tu, akashauri tutafute sindano za homoni ya ukuaji, zile wanazojichoma wanyanyua vyuma. Nilikuwa tayari kuuza pikipiki.

Namshukuru Mungu nilimuuliza daktari kwanza. Alisema mtu akiugua sana, homoni hiyo mara nyingi iko juu tayari. Inayoanguka ni IGF-1, homoni nyingine ya kujenga mwili, ambayo ini huitengeneza kwa amri ya hiyo ya ukuaji, na ini la mgonjwa asiyekula haliitiki. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili ya Ulaya: mahututi waliochomwa dozi kubwa walikufa karibu mara mbili ya wenzao ambao hawakupewa. Tena sindano hiyo hupandisha sukari, na yangu ilikuwa haijatulia.

Aliniagiza protini: gramu 1.5 kwa kila kilo, yaani 84 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kwa hiyo mayai peke yake hayakutosha. Mke wangu akawa anaagiza samaki kibua kutoka soko la Deep Sea asubuhi. Mchana maharage, jioni maziwa mgando. Vijiko vitatu tu tumbo linajaa, basi akanipakulia kidogo kidogo mara sita. Aliamka hata saa tisa usiku kunipashia uji. Hilo sitamsahaulia.

Kutembea nilihesabu kwa barabara zetu za namba, maana msuli ukifanya kazi hupokea sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Nilianzia nyumbani, barabara ya 8, hadi ya 9, mto mdogo nimeubana tumboni kila nikikohoa. Wiki ya pili niligota ya 10, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa hadi jasho likauke.

Wiki ya saba nilifika ya 15 na kurudi bila kukaa. Asubuhi yake sukari ilikuwa 5.3, mzani kilo 61. Suruali bado naifunga kwa kamba.