Miguu ya Mama Ndani ya Magadi

Tumefika nyumbani Umoja, Nairobi, sasa hivi, mchanga ungali kwenye viatu.

Mama ameteswa na magoti tangu mwaka jana. Leo alfajiri tukapita Kiserian tukateremka hadi chemchemi za Ziwa Magadi, kilomita mia na zaidi kutoka Nairobi. Joto la huko, jamani!

Pale maji yanapobubujika huwezi kutia hata kidole, yanachoma. Tukatafuta mahali yamepoa kidogo. Mama akapandisha leso, akaketi, maji yakamfika mapajani. Akafumba macho. Nusu saa nzima hakusema neno, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Alipotoka na kukauka, miguu ilikuwa imeota unga mweupe. Akaupangusa kwa kidole, akaonja.

“Ni magadi yangu ya maharagwe haya!”

Miaka yote ameyatia sufuriani kulainisha maharagwe. Leo yamemshika magoti.

Sijui kama yamepona. Ila ngazi za nyumbani amepanda bila kunishika mkono, nami nimebaki chini nikimtazama.

Nani amepeleka mzazi huko, au chemchemi za Ziwa Bogoria? Alikaa majini muda gani? Niambieni.