Hasira ya Mwananchi Inastahili Kujibiwa

Kila mjadala wa kisiasa unapopamba moto, hatakosekana mtu wa kuwataka wenzake waweke hisia kando na wajadili hoja tupu. Ushauri huo husikika kuwa wa busara, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema, lakini nimezidi kuamini kwamba humwelemea aliyeumizwa kuliko aliyeumiza, kwa kuwa si vigumu mtu kubaki mtulivu ikiwa sheria inayojadiliwa haigusi ardhi yake, mshahara wake wala mtoto wake. Anayedhulumiwa akiambiwa kwamba atasikilizwa akishatulia, amewekewa sharti ambalo mwenzake hakuwekewa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika mafundisho yake kuhusu balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, aliieleza hasira kuwa ni hamu ya kulipiza, iliyochanganyika na maumivu, inayomjia mtu anapodharauliwa pasipo haki. Kinachonivutia katika maelezo hayo ni neno haki. Mwenye hasira hasemi tu kwamba anaumia. Anadai kwamba kosa limetendeka, kwamba yupo aliyelitenda, na kwamba yeye alistahili kutendewa vinginevyo. Madai ya namna hiyo yanaweza kuwa ya kweli au ya uongo, na kwa hiyo yanaweza kuchunguzwa na kutolewa ushahidi kama madai mengine yoyote. Ni kweli kwamba hisia hazifanani kwa matokeo yake: watafiti wa saikolojia ya siasa wameona kwamba mpiga kura mwenye wasiwasi huelekea kutafuta habari zaidi kabla ya kuamua, ilhali mwenye hasira huelekea kutenda haraka na kushikilia msimamo alionao. Hiyo ni sababu ya kuisikiliza hasira mapema, wala si sababu ya kuifukuza ukumbini.

Sijui mfano ulio wazi zaidi kuliko ule wa akina mama wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires. Walipokusanyika hapo kwa mara ya kwanza, tarehe 30 Aprili 1977, Argentina ilikuwa chini ya majenerali waliotwaa madaraka mwaka mmoja kabla, na watoto wao walikuwa wamekamatwa na kutoweka bila ofisi yoyote kukiri kuwashikilia. Polisi walipowakataza kusimama kwa makundi na kuwaamuru watembee, walianza kutembea wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja, na baadaye vitambaa vyeupe vya kichwani vikawa alama yao. Watawala waliwaita vichaa. Tusilipite tusi hilo haraka, maana lilikuwa na kazi ya kuugeuza uchungu wao kuwa ugonjwa, ili swali walilouliza, yaani watoto wetu wako wapi, lisihitaji jibu. Azucena Villaflor, mmoja wa waasisi, alitekwa mwezi Desemba mwaka huohuo na kuuawa. Wenzake hawakuacha kutembea. Mwaka 1985, baada ya utawala wa kiraia kurejea, mahakama iliwahukumu Jorge Videla na Emilio Massera, waliokuwa miongoni mwa viongozi wa utawala ule wa kijeshi, kifungo cha maisha. Kama akina mama wale wangeweka uchungu wao kando, sioni nani mwingine angekuwa na nguvu ya kurudi uwanjani wiki baada ya wiki kudai haki ambayo kila mwenye mamlaka alitaka isahaulike.

Ninachokihofia mimi ni kinyongo. Mwenye hasira bado anamwona anayemlaumu kuwa mtu anayeweza kujibu, kurekebisha, pengine hata kuomba radhi. Mwenye kinyongo amekwisha kukata tamaa ya kujibiwa, na kilichobaki kwake ni kutamani mwingine naye aumie. Hatua ya kutoka hali moja kwenda nyingine mara nyingi huwa ni ukimya wa aliyetakiwa kujibu.

Ufaransa inaonyesha jambo hilo vizuri. Maandamano ya vizibao vya njano yalianza tarehe 17 Novemba 2018 kwa sababu ya kodi ya mafuta, na muda si mrefu yakabeba malalamiko mengi zaidi kuhusu gharama za maisha na kudharauliwa na watawala. Mapema mwaka 2019 serikali iliitisha mjadala wa kitaifa, na katika maelfu ya manispaa wananchi waliandika kero zao kwenye madaftari, kama mababu zao walivyofanya mwaka 1789, kabla tu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kisha mengi ya madaftari hayo yakawekwa katika hifadhi za nyaraka za mikoa, mahali ambapo mwandishi wake hawezi kujua kama kuna aliyeyasoma. Ilipofika Machi 2025, Bunge la Taifa lilipitisha azimio la kutaka yawekwe wazi. Kumwalika mtu aseme yanayomuuma kisha kumnyamazia ni dharau ya pili juu ya ile ya kwanza.

Katika ukimya huo ndipo huingia mwanasiasa anayewaonyesha watu wa kuchukia badala ya chanzo cha tatizo. Wengi wetu humjibu kwa kuwakemea wafuasi wake kwamba wana jazba, na kwa kufanya hivyo tunathibitisha yale aliyowaambia kutuhusu. Ningependa tuwaulize kwanza wamekosewa nini, na nani, na kwa ushahidi gani; na pale ambapo lawama imemwangukia asiyehusika, tuwaambie hivyo waziwazi, bila kukanusha kwamba wameumia.