Siku moja maishani mwangu: kununua trekta Magu, kuuza trekta Nyakato

Saa 10 na nusu alfajiri

Niko Nyakato hapa Mwanza, kazi yangu nanunua matrekta yaliyotumika, nayatengeneza, nayauza. Watu huwa wananiuliza siku yangu inaendaje, basi naandika ya leo ilivyokuwa, maana leo nimenunua moja na nimeuza moja siku hiyo hiyo na hiyo haitokei kila wiki. Kuamka mapema kwangu kuna sababu moja tu, trekta unatakiwa ulikute la baridi. Ukifika saa 4 mwenye nalo ameshaliwasha mara tatu, limepata moto na ugonjwa wote wa injini umejificha.

Saa 12 asubuhi

Nimekutana na fundi wangu stendi ya Buzuruga, chai ya maziwa na chapati mbili mbili, tukapanda Hiace ya Magu. Tuko njiani dalali anapiga, "kaka ile trekta ya Massey Ferguson 290 bei ni milioni 28, maongezi yapo kidogo, ila wahi kuna mtu wa Bariadi anakuja na keshi." Mtu wa Bariadi nimetajiwa kwenye matrekta mengi sana. Mi simkimbilii, akiwahi kanunua, basi. Ila ukweli ni kwamba mwezi huu wa 10 presha ni ya kweli, vuli inakaribia, kila mwenye shamba anataka kulima, na trekta lile lile ambalo mwezi wa 3 watu wamemaliza kulima lingeshuka milioni mbili tatu, sahivi mwenyewe anakaza.

Saa 2 kasoro

Kutoka Magu mjini tukachukua boda kuingia ndani. Mwenye trekta ni mama mtu mzima, mume wake alifariki mwaka juzi. Shikamoo mama, marahaba wanangu, mwangaluka, tukapewa viti chini ya mwembe na uji. Hapo huanzi na bei hata siku moja, unauliza mvua, unauliza mpunga ulitoka vipi, unauliza watoto. Mi hii sehemu siifanyi kama mbinu, nataka kujua kwa nini mtu anauza. Mama akasema dereva ni tatizo, mwanae mkubwa yuko Mwanza kwenye kazi zake, na yeye hawezi kukesha shambani kulinda dizeli isiibiwe.

Tukalisogelea trekta. Kitu cha kwanza nikaweka kiganja kwenye injini, baridi kabisa. Nikafurahi, hawakunificha kitu. Fundi akavuta dipstiki, oili nyeusi ila haina rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia kwenye oili. Likawashwa, starta ikavuta kwa shida kidogo sababu ya betri, moshi mweusi ukatoka ukapotea, wa bluu hakuna, maana yake ringi za pistoni bado zinabana, injini haiunguzi oili. Tukafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, pumzi inayotoka hapo ni ndogo, dalili nzuri. Injini ni Perkins ya pistoni nne, na hii ilikuwa nzima.

Ubovu sasa. Tairi za nyuma zote mbili zimekwisha meno. Klachi inashika juu sana. Stelingi ina mchezo, bushi za mbele zimekula. Halafu tukanyanyua plau ya diski tatu, tukazima injini, tukaangalia saa, ndani ya dakika nne plau ikawa imelala chini, kwa hiyo haidroliki, ule mfumo wa oili unaonyanyua plau, inavujisha kwa ndani. Mita ya masaa, inayohesabu injini imefanya kazi kiasi gani, imekufa, na ndo hapo pagumu, maana bila mita mwenye trekta anakwambia limefanya kazi kidogo na we unasema limechoka, hakuna wa kuamua.

Saa 3 na nusu

Nikamuuliza mama mwenyewe, mama wewe unataka ngapi? Akasema 25. Dalali alikuwa amesimama pale pale. Yaani cha juu milioni tatu nzima, na mama hajui. Nikasema mbele ya wote, mama mi nimeambiwa 28, dalali ana haki yake na mi nitampa laki 5 yangu, na wewe utampa utakachoona, ila bei tuongee mi na wewe. Dalali kanuna kidogo akakubali. Sipendi biashara ambayo mwenye mali anajua bei yake kwa kusikia kwa watu baada ya mwezi.

Hesabu yangu naifanyaga kwa sauti. Nikamwambia mama, tairi mbili mpya milioni 2 na nusu, klachi laki 7, haidroliki laki 5, betri na bushi laki 4, jumla ni milioni 4 na laki 1 kabla fundi hajala. Mi natoa 20 na nusu. Mama hakupandisha sauti, akasema tairi sawa, klachi sawa, ila haidroliki plau ile ni nzito, jaribu bila plau. Nikamwambia mama plau ndo kazi yake, mtu wa mbugani akinunua hatalima na mikono ya chuma mitupu. Akacheka akaingia ndani.

Akatoka na daftari. La shule, jalada limechakaa, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Marehemu mume wake alikuwa anaandika kila siku trekta likitoka: tarehe, shamba la nani, ekari ngapi, dizeli lita ngapi, hela ngapi imelipwa na nani anadaiwa. Pembeni ameandika aina ya udongo, luseni, wa kichanga, lita 5 kwa ekari, itogolo, udongo mgumu, 6, mbuga, mfinyanzi mweusi, 8. Kila baada ya kurasa kadhaa kuna mstari mwekundu, "oili mpya, filta mpya". Alipofariki mwandiko unabadilika, ni wa mama, ila mistari myekundu inaendelea. Tukakaa na fundi tukajumlisha msimu uliopita, ekari 212. Mwaka wa nyuma yake 240. Dizeli kwa ekari haijapanda miaka yote hiyo, na injini iliyochoka lazima ingeanza kula zaidi.

Nimefanya hii kazi miaka 9, sijawahi kuona mita nzuri kama ile. Kila mtu anabishana na muuzaji kuhusu rangi na tairi, wakati kitu cha thamani kwenye trekta kuukuu ni ushahidi kwamba lilikuwa linabadilishwa oili, na ushahidi huo karibu hakuna mtu anao. Nikapandisha bei mwenyewe bila kuombwa, nikasema mama 22 na nusu. Fundi akaniangalia. Mama akasema 24. Nikasema 23. Akakaa kimya, akaangalia trekta, akasema 23 na laki 4 na plau inabaki na trekta, haro nabaki nayo. Tukashikana mikono.

Saa 5

Makaratasi, na hapa sina haraka hata kidogo. Kadi ina jina la marehemu. Kuna mwaka nilinunua trekta la namna hii kwa mtu, nikalipa yote, wakaja ndugu upande wa pili wanasema mali haijagawanywa, trekta likalala miezi minne halifanyi kazi hela yangu imekaa. Tangu hapo nataka muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, na anayesaini ni msimamizi, sio yeyote yule. Mama alikuwa nazo zote kwenye bahasha, msimamizi ni yule mwanae wa Mwanza. Nikaweka kishika uchumba milioni 2, mtendaji wa kijiji akashuhudia, iliyobaki nalipa kesho kijana akija kusaini kwa mwanasheria.

Saa 8 mchana

Nimerudi Nyakato, ugali na sato haraka haraka maana kuna wateja wawili kutoka Sengerema wanasubiri kwenye yadi, baba na kijana wake, wamekuja kuona Massey 240 yangu. Nimeweka 19 na nusu. Mzee akaanza na 14. Hiyo ni kulalia bei, lakini mzee mwenye hela yake ana haki ya kuanzia anapotaka, sikukasirika. Nikamwambia mzee, kabla hujaangalia ngoja nikuoneshe mimi, tairi ya mbele kushoto ina kiraka, pitiyo, ile shafti ya nyuma ya kuzungusha mashine, inashika kwa kusitasita ikiwa baridi, taa hazifanyi kazi. Nilivyosema hivyo yule kijana akaacha kutafuta makosa, akaanza kusikiliza injini.

Akaangalia kibati cha kiwandani, akasema hii ni ya Uingereza imezeeka sana, heri ya Pakistan. Nikamjibu ni kweli, kiwanda cha Coventry kilifungwa 2003, kwa hiyo 240 ya Uingereza yoyote ina zaidi ya miaka 20, na za Lahore, huko Pakistan, zipo mpya zaidi. Ila injini ni ile ile ya pistoni tatu iliyokuwa kwenye Massey 135 za zamani, spea utazikuta hata ukiwa Sengerema hapo, na hedi ya hii niliifungua mwenyewe. Zamani watu wa ng'ambo ile walikuwa na hoja nyingine nzito, kivuko. Fuso imebeba trekta inapanga foleni Kigongo, inasubiri, inalipa, na mnunuzi anakukata laki kadhaa kwa usumbufu huo. Tangu daraja la JPM la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilometa 3 unavuka kwa dakika chache, hoja imekufa, na mzee mwenyewe aliitaja akacheka. 15 na nusu, 18 na nusu, 16 na nusu, hapo tukakwama karibu saa nzima. Mwisho nikasema natengeneza pitiyo kwa gharama yangu, natoa tairi nzima ya mbele, tunafunga 17 na laki 8. Wakaomba dakika tano wakaongea pembeni kwa Kisukuma, wakarudi, mzee akasema "wabeja", yaani asante, hela ikaingia benki kabla haijafungwa.

Saa 2 usiku

Kitu kimoja sijakitaja. Wakati tunaondoka Magu nilimwomba mama daftari liende na trekta, nikamwambia kweli kabisa kwamba nikiliuza nalo napata zaidi, na nipo tayari kuongeza laki 2. Akakataa. Akasema trekta ni chuma, ila mwandiko huu ni wa baba watoto. Nikamwomba basi nipige picha, akanishikia kurasa moja moja ili upepo usizifunge, kurasa 61.

Sahivi niko sebuleni nazipanga kwenye simu kwa tarehe. Kesho nikitoka kwa mwanasheria napitia steshenari zitolewe kopi, zifungwe, ziwekwe kwenye boksi la spana chini ya siti, na kurasa tupu za kutosha nyuma ili atakayelinunua aendelee pale mama alipoishia.