Nilivyopata ubao wa tende kwa mabanzi ya mtiki

Hapa Tanga mabanzi ya mtiki huishia jikoni. Fundi akishapasua gogo anachukua mbao zilizonyooka, na kile kipande cha pembeni chenye gome upande mmoja kinatupwa kwenye lundo la kuni. Mtiki wenyewe hautoki mbali, kuna shamba zima la miti hiyo Longuza, wilayani Muheza. Kila nilipopita kwenye karakana ya mtaani kwetu moyo uliniuma: rangi ya asali, mistari ya kahawia iliyokoza, halafu moto.

Siku moja nikaingia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwomba mabanzi matatu. Nikamweleza kwamba nataka kumtengenezea mama ubao wa kuandalia tende na visheti wakati wa kufuturu, na zile nyufa nitazijaza resini ya buluu, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Alinichagulia mwenyewe, akakataa hela. Alichosema ni kimoja tu: "Lakini hiyo bado mbichi."

Nilimsikia, ila sikumzingatia. Banzi lilikuwa kavu kwa kulishika, nami nilikuwa na haraka ya Ramadhani. Nikatengeneza kalibu kwa vipande vya mbao za melamini, nikaifunika ndani kwa soltepu ya kahawia ili resini isigande nayo, nikaziba kona kwa silikoni. Saa nne asubuhi nikamimina. Mchana kutwa mapovu yalipanda kutoka kwenye mbao. Nikiyapasua kwa moto mdogo wa gesi, mengine yanakuja. Kesho yake katikati palikuwa bado panashika kidole. Na hata pale palipokauka vizuri, baada ya wiki tatu mbao ilijivuta, ukatokea mwanya kati yake na resini unaopitisha ukucha.

Makosa yalikuwa matatu, na kila moja lilinichukua muda kulielewa.

La kunata lilikuwa la vipimo. Kopo lilisema resini mbili kwa hadina moja (dawa ya kuigandisha) kwa ujazo, mimi nikapima kwa mizani ya jikoni. Hadina ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo gramu zilipolingana na hesabu yangu, hadina ilikuwa imezidi, na iliyozidi haina cha kushikana nacho. Sasa natumia vikombe vyenye alama, nakoroga polepole dakika nne au tano huku nikikwangua kuta na chini, kisha nahamishia kwenye kikombe kingine na kukoroga tena.

La mapovu ndilo lililonifurahisha zaidi nilipoligundua. Mbao ina hewa ndani ya vinyweleo vyake. Jua linapopanda na banda kupata joto, hewa ile inatanuka na kutafuta njia ya kutokea, na mimi nilikuwa nimeifunika kwa resini saa hiyohiyo. Nikageuza ratiba: mbao inashinda kwenye joto la mchana, namimina jioni jua likishatua. Mbao inapopoa, hewa inasinyaa na kuivuta resini ndani badala ya kuisukuma nje. Kabla ya hapo napaka koti jembamba la resini isiyotiwa rangi kwa brashi na kuliacha lishike. Tangu nianze hivyo, moto wa gesi naupitisha mara moja tu. Jioni ina faida nyingine: kwenye joto la pwani resini inawahi kuganda, na ukiiacha nyingi ndani ya kopo inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi. Unyevu wa usiku nao huweza kuacha utando wa mafuta juu. Huo nauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kugusa msasa.

La ubichi ndilo fundi alilonionya, na hapo hapana njia ya mkato. Kifaa cha kupimia unyevu sina. Nikaamua kupima uzito. Banzi la pili lilikuwa na gramu 1,240 siku niliyolileta. Nililiweka juu ya vijiti kivulini, upepo upite pande zote, na kila Ijumaa nikaandika uzito wake ubavuni kwa penseli. Wiki ya tisa na ya kumi likabaki kwenye 1,065. Gramu 175 zilizotoka zilikuwa maji, na kwenye ubao wa kwanza maji hayo niliyafungia ndani.

Mtiki pia una mafuta yake ya asili, yanayozuia gundi na resini kushika sawasawa. Dakika chache kabla ya kumimina napiga msasa namba 80 na kufuta kwa asetoni. Barakoa yenye kichujio na glavu sivui: vumbi la mtiki linawasha ngozi, na resini mbichi inaweza kukuachia mzio usioisha.

Buluu nayo nimeipunguza. Wengi hupenda mto mpana wa rangi kati ya vipande viwili vya mbao. Mimi naona mbao ndiyo yenye uzuri. Najaza ufa ulioletwa na mti wenyewe, kwa unga kidogo wa maika, ule unaometameta, basi.

Msasa ndio unaokula siku: 80, 120, 180, 240, 320. Ukiruka namba moja, mikwaruzo inajitokeza mara tu unapopaka mafuta. Mama alitaka nipake mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. Nilipaka, na baada ya mwezi mmoja ubao ukanuka kuchacha. Sasa natumia parafini ya maji ya duka la dawa, ile ya kunywa, si mafuta ya taa, nikiyeyusha ndani yake nta ya nyuki kutoka Handeni, sehemu nne kwa moja. Resini naipa mwezi mzima kabla ya chakula kuigusa, na kisu hakikati juu yake.

Ramadhani ile ilipita bila ubao. Iliyofuata, mama alipanga tende juu yake tangu siku ya kwanza ya kufunga. Siku ya nne mjomba akatua dele la kahawa lililotoka kwenye makaa, likaacha duara kwenye ile buluu, maana resini hulainika kwa joto. Niliirudia kwa msasa wa 240 na 320, nikapaka mafuta upya, na mama ameshona kitambaa kinene cha kuwekea dele.

Fundi siku hizi ananitengea mabanzi nyuma ya mlango. Lililopo kivulini sasa lilianza na gramu 2,310. Ijumaa iliyopita lilikuwa 2,140, na bado linashuka.