Nilivyoweka oili ya gari kwenye friza

Mi sio fundi. Nafanya kazi ya hesabu Posta, hapa Dar, gari langu ni Toyota IST ile ya kwanza kwanza, injini 1NZ, cc 1,496, na mpaka leo gia boksi siwezi kuigusa. Ila kwenye oili nimekua mtu wa kuchekwa. Gerejini wananicheka, nyumbani wananicheka, shemeji yangu wa Njombe ndio kabisa, akipiga simu salamu ya kwanza ni "shem, oili inasemaje?"

Ilianza 2019. Gari imetoka bandarini nikaipeleka kwa fundi kumwaga oili ya Mjapani, maana wote tumefundishwa hivyo, gari ikifika tu mwaga kila kitu. Fundi akafungua mlango wa dereva akanionyesha kistika ubavuni, maandishi ya Kijapani alafu namba zinazosomeka, 30, 10, 12, na kilomita 71,400. "Unaona bosi, hii ilikua inatumia oili namba 30. Sisi huku joto, tunapanda, tunaweka 40." Alisema kwa uhakika wa daktari bingwa, nikakubali. Ikawekwa namba 40, dumu zima la lita 4, filta haikubadilishwa kwa sababu "bado nzima hii", alafu akaniomba dumu tupu la kuwekea maji. Nikampa, la nini mimi.

Wiki ileile nikakipiga picha kile kistika, simu ikatafsiri. Ile 30 haikua oili, ulikua mwaka! Wajapani wanahesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao, enzi ya Heisei ilianza 1989 kwahiyo mwaka wake wa 30 ni 2018, na hizo nyingine ni tarehe 12 mwezi wa 10. Yani tumepanga oili ya injini kwa kusoma kalenda. Nilicheka peke yangu kwenye foleni ya Ubungo mpaka konda wa daladala ya pembeni akawa ananiangalia.

Kwenye droo ya dashibodi kulikua na kitabu cha gari, cha Kijapani hichohicho, nikakaa nacho Jumapili nzima nakipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Oili 5W-30. Ukibadili oili peke yake inaingia lita 3.4, ukibadili na filta 3.7. Sasa piga hesabu, fundi ametia 4 na filta haijaguswa, kuna nusu lita na zaidi inaelea mle ndani haina kazi. Nikavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, asubuhi injini ya baridi, oili imepita alama ya juu kwa kidole kizima. Ikizidi hivyo krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaweza kuichapa ikatoa povu kama sabuni, na povu halilainishi chuma. Nikarudi ikapunguzwa, fundi akanuna kidogo. Hapo ndio ugonjwa ukaniingia.

Kitu cha kwanza nilichotaka kuelewa ni hii habari ya "nchi ya joto weka oili nzito" maana kila mtu anaisema. Nilivyoelewa ni hivi, ile namba ya mwisho, 30 au 40 au 50, ni uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yani injini imeshachemka inafanya kazi. Na injini ina themostati, hii yangu inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kazi yake ni kuhakikisha injini inakaa kwenye joto lake uwe Sapporo kwenye theluji au uwe Kariakoo saa nane mchana. Kwahiyo jua la Dar halibadilishi mambo kiasi tunachodhani, labda uwe kwenye foleni refu na AC au unapanda mlima umejaza mzigo. Ile namba ya mbele yenye W ndio ya baridi, winter. Unavyowasha asubuhi, 5W inakimbia kufika juu kuliko 20W. Dar hutaiona tofauti. Njombe utaisikia.

Na mi niliisikia. Mwezi wa saba nilienda kwa shemeji na 20W-50, maana nilishapita na huko, mtu mmoja aliniambia ndio inatuliza injini. Asubuhi kule mwezi huo ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nikapiga stata, taa ya oili ikagoma kuzima haraka kama nilivyoizoea, na cheni upande wa kulia wa injini ikagonga kraakraakraa sekunde mbili tatu ndio ikatulia. Shemeji ametoka na blanketi, "shem hiyo gari inakohoa". Sekunde tatu sio nyingi ila ni sekunde chuma inasugua chuma, na hizi injini za VVT-i zinatumia presha ya oili hiyohiyo kusogeza muda wa valvu, sio kulainisha tu. Niliporudi Dar nikasema basi, narudi kwenye 5W-30 ya kitabu.

Hapa ndio nilipoliwa.

Duka moja la spea nililoelekezwa, jina naacha, walikua na 5W-30, imeandikwa fuli sinthetiki, dumu linang'aa, la kampuni kubwa, elfu 38. Kwingine kote dumu kama hilo nilikua naambiwa elfu 80 na kitu. Mtu wa hesabu mzima nikajiambia nimepata bahati. Nikaweka. Nikaanza na daftari, kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha napima dipstiki, ikishuka naongeza kwa bomba la sindano lile kubwa la mifugo ili nijue nimeongeza mililita ngapi. Kwenye kilomita 2,000 nimeshaongeza 500. Nikachanganyikiwa, hii injini haijawahi kula oili hivi, nikaanza kuwaza ringi za pistoni zimekwisha, nikaanza kuwaza kufungua injini, hata usingizi ukapungua, mke wangu akadhani nimefukuzwa kazi nimeficha.

Ndio nikakumbuka mafuta ya kula. Mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya baridi na ya alizeti hayagandi? Nikasema kama 5W kweli ni ya baridi, friza itatuambia. Nikachukua vichupa vitatu vya dawa ya kikohozi, vya kioo, nikaosha nikakausha kabisa. Kimoja mabaki ya ile oili ya elfu 38, kimoja 20W-50 niliyobakiwa nayo, cha tatu nikaenda sheli moja kubwa nikanunua lita moja ya 5W-30 kwa risiti. Vipimo sawa, nikaandika A, B, C kwenye plasta, nikavilaza chini ya samaki.

Kosa langu sikumwambia mtu. Kesho yake asubuhi nasikia jikoni, "Baba Aisha, asali ya Tabora umeleta lini na mbona unaiweka kwenye friza?" Nimetoka bafuni na taulo. Mama Aisha ameshafungua kifuniko, Aisha ameshashika kijiko. Mungu alinusuru. Kelele nilizopigiwa siku ile sitaziandika hapa, ila baada ya kutulia alikuja mwenyewe kushika tochi tuangalie.

Nikavilaza vyote vitatu pamoja mezani. C, ya sheli, ikaanza kutembea taratibu kama asali nyepesi. B, ile 20W-50, ilikaa tu, unalaza chupa inabaki imesimama ukutani kama ugali uliopoa, ndio baadae sana ikaanza kuvimba kuja mbele. Na A? A ilikaa na B. Pacha. Nikarudia usiku wa pili nikibadilisha nafasi za vichupa isije ikawa upande mmoja wa friza una baridi zaidi, majibu yaleyale.

Sasa, friza ya nyumbani sio maabara. Friza inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kipimo rasmi cha 5W kinafanywa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kwa mashine, na mi siwezi kuapa mle ndani kulikua na nini. Inawezekana ni oili ya kawaida kabisa isiyo na kosa ila imevaa koti la mtu. Lakini 5W sio, hilo hata mtoto aliliona.

Nikaimwaga siku hiyohiyo. Hii mara nilisimama nikashika ile filta kuukuu, nikamwomba fundi aikate na msumeno wa chuma, tukakunjua karatasi ya ndani kama akodiani kuangalia kama kuna vumbi la chuma linang'aa. Hamna. Sumaku kwenye nati ya kumwagia oili, masizi kidogo tu. Nikapumua. Washa ya hiyo nati, ile pete ya kuzuia kuvuja, nayo nilibadili, ni kitu cha bei ya soda lakini mafundi wanairudisha kuukuu miaka na miaka alafu ikivuja wanaikaza kwa nguvu zote, mwisho nyuzi za kukazia nati kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, zinakufa na hapo ndio utaijua bei ya sampu.

Tangu hapo nina vipimo vyangu viwili vitatu vya bure. Kila nikifika kama kilomita 3,000 nadondosha tone moja la oili ya dipstiki kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, ile ya kuchujia kahawa ndio nzuri, naiacha mpaka kesho. Tone likitawanyika taratibu kutoka katikati kwenda nje, rangi inafifia polepole, oili bado inabeba uchafu wake vizuri. Ukiona katikati kumebaki kidonge cheusi kimezungukwa na mpaka mkali kama kope ya jicho, imechoka, imeanza kuutua mzigo. Oili kuwa nyeusi peke yake sio kufa, mafundi wengi wanakosea hapo, ina sabuni ndani, kazi yake ni kuosha na kubeba masizi, isipochafuka kabisa ndio ujiulize uchafu umebaki wapi. Ila ukiona rangi ya chai ya maziwa usisubiri karatasi, hayo ni maji, peleka gari.

Na kilomita zenyewe zinadanganya, hii niliipata kwenye kazi yangu. Nakaa Kibamba, kwenda Posta na kurudi kwenye foleni wastani wangu nikiugawanya unakuja kama kilomita 15 kwa saa. Kilomita 5,000 za namna hiyo ni saa 333 injini inanguruma. Kilomita 5,000 za safari, wastani 70, ni saa 71 tu. Oili haioni dashibodi, inaona saa na joto. Kwahiyo mi ya mjini naimwaga 4,000, hata kama dumu limeandikwa 10,000, na nikiwa nimesafiri sana naiacha ifike 6,000 na tone likiwa zuri.

Swali ninaloulizwa sana ni naweka gani sasa. Nilitumia 5W-30 ya kweli miaka mitatu na haikupungua cha maana, ile nusu lita ilikua ya A peke yake. Sasa gari limefika 164,000, limeanza kunywa, kwenye kilomita 4,000 nilikua naongeza kama mililita 600. Nikajaribu 5W-40, inabaki nzito kidogo ikichemka na asubuhi bado inakimbia, naongeza 350 hivi. Nimekaa hapo. Mafuta ya petroli sikuona tofauti ya kuitangaza, nilipima Dar mpaka Iringa kwa kujaza tenki pomoni mara mbili, ila mara ya pili nilikua na abiria wawili na gunia la viazi, kwahiyo hicho kipimo nimekitupa. Kwenye dumu naangalia herufi za API, zile za daraja la ubora, SN ya 2010 au SP ya 2020, kwa IST zote zinatosha na kubaki. Kampuni siichagui sana, na ukiishiwa njiani ukaongeza ya kampuni nyingine ya daraja hilohilo hazigombani. Ninachochagua ni duka. Naenda mahali panaponipa risiti na ninapoweza kurudi kulalamika, bei yake naijua na nimeikubali.

Oili chafu naimwachia fundi, kuna mzee anaipitia kupaka nguzo za banda mchwa wasile. Kijana wa pale bado ananiomba dumu tupu kila mara, na simlaumu, wapo wanaozunguka kuyanunua wakayajaze oili nyingine kama ile A, na yeye anapata soda yake. Siku hizi nakuja na msumari. Naingiza mkono mfukoni nautoa, natoboa dumu chini mara tatu mbele yake ndio namkabidhi. Mara ya mwisho aliligeuza akaangalia matundu akaniambia, "Braza, sasa hili maji yatakaaje?" Nikafungua buti nikampa dumu la maji la lita 20, jipya.