Namba 7408 ilivyonipoteza miezi miwili

Sanduku lilikuwa la mbao, la kuwekea vifaa vya kazi, na ndani mlikuwa na bodi za elektroniki. Mama aliyekuwa akiliuza alikuwa anahama kutoka Milimani hapa Kisumu kurudi nyumbani Siaya, na marehemu mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya ndege. "Hizo bodi ni za mzee, mwanangu. Kuna kijana anazipitia Jumatatu, anazitia kwenye asidi apate dhahabu." Niliposikia asidi nilitoa shilingi 1,500 bila kuomba nipunguziwe.

Mimi ni fundi wa redio Kondele, na chipu kuukuu, vile vijisehemu vya elektroniki vinavyokaa juu ya bodi, zilizotengenezewa jeshi na ndege nazikusanya mwaka wa sita sasa. Nyingine nazipata soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwa wauza skrepu. Nazipenda kwa sababu zimeundwa kustahimili. Chipu ya kawaida ya jamii ya 7400, ile ya plastiki, imekusudiwa joto la nyuzi 0 hadi 70. Ndugu yake wa kijeshi, 5400, ambaye kampuni ya Marekani ya Texas Instruments walimtoa mwaka 1964, anafanya kazi kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125.

Ndani ya sanduku kulikuwa na bodi nne, zimejaa chipu bapa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kila moja na miguu saba huku na saba huku, yote imepakwa dhahabu. Kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini ilijengwa kwa chipu za umbo hilihili. Nilikaa nazikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Kuzitoa kunataka subira. Mguu unapoingia kwenye mwili wa chipu umezibwa kwa kioo, na ukiupinda hapo kioo kinapasuka, unyevu unaingia, basi tena. Kwa hiyo naweka waya wa shaba uliosukwa juu ya mguu mmoja, nagusa kwa ncha ya moto, risasi ya kuungia inayeyuka na kunyonywa, kisha napenyeza kipande cha wembe chini ya mguu, taratibu. Naacha upoe ndipo niende kwa mwingine. Chipu moja ilinichukua karibu nusu saa.

Maandishi ya chipu tatu kati ya hizo yalikuwa yamefutika, nikaweza kusoma 7408 tu. Kila fundi anajua 7408 ni chipu ya mageti manne ya AND, yaani kila geti linatoa umeme pale tu miguu yake yote miwili ya kuingiza inapopata umeme, nami nikaandika hivyo daftarini. Nikaunganisha volti 5 kwenye mguu wa 14 na hasi kwenye mguu wa 7, kama kawaida. Kimya. Ya pili kimya, ya tatu vilevile. Nikazitia kwenye mkebe wa zilizokufa, na roho iliniuma kweli.

Baada ya miezi miwili hivi nilikuwa napanga mkebe huo asubuhi ya baridi. Nikaipumulia moja ili niifute vumbi, na ule mvuke ukaonyesha herufi zilizokuwa zimefifia: SN5400W. Namba 7408 ilikuwa tarehe! Wiki ya 8 ya mwaka 1974. Chipu za mwaka huo ndizo zinazochanganya kuliko zote, kwa kuwa tarehe yake inafanana kabisa na jina la chipu nyingine. Na ile W mwishoni ni umbo bapa, ambalo kwa 5400 linapokea umeme mguu wa 4, na hasi iko mguu wa 11. Nilikuwa nimegonga mlango usiokuwa wake.

Nikaunganisha upya. Mguu mmoja wa kuingiza ukiwa kwenye hasi, taa ndogo ya LED inawaka. Yote miwili ikiwa kwenye chanya, inazima. Geti la NAND, kinyume cha AND, halina kasoro yoyote. Zote tatu zilikuwa hai.

Yule kijana wa dhahabu nilimtafuta, nikamwonyesha taa ikiwaka na kuzima. Tumeelewana: bodi yoyote ya ndege ananiletea kwanza, nami namlipa shilingi 300 kwa kila moja. Saa za ndege zenye rangi inayong'aa gizani nimemwambia asizifungue kabisa, kwa maana za zamani nyingi zilipakwa radiamu.

Mkebeni zimebaki chipu tisa ambazo sijazipumulia. Nazianza Jumamosi, nikifunga kibanda.