Siku moja na paka shume, Lancaster

Saa kumi na moja alfajiri. Nimekaa garini tangu saa tisa nikitazama mitego minne ya kukamatia paka wasiofugwa, nyuma ya ghala linalobomolewa wiki ijayo. Mtego hauachwi peke yake hata dakika kumi, hasa katika baridi hii ya Oktoba ya Pennsylvania. Ndani nimetandika gazeti, na mwisho kabisa nimeweka jodari wa kopo. Mlango mmoja ukajifunga kwa kishindo. Paka dume, kichwa kikubwa, shume hasa, akawa anajirusha kwenye nyaya. Nilimfunika kwa shuka, na mara akatulia. Giza humpa paka utulivu kuliko maneno yoyote matamu.

Kwa kawaida paka wa namna hii tunamhasi na kumrudisha palepale alipokamatwa, maana ndipo anapopajua. Kumhamisha ni njia ya mwisho. Hawa nyumba yao inavunjwa, kwa hiyo tunawahamishia kwenye mabanda ya wafugaji.

Saa mbili asubuhi nikamfikisha kwa daktari wa mifugo. Atahasiwa, atachanjwa kichaa cha mbwa, na ncha ya sikio la kushoto itakatwa akiwa bado usingizini, ili yeyote atakayemwona ajue amekwisha kuhudumiwa.

Saa tano nilikuwa kwa mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nilimpelekea majike wawili, dada kwa dada. Peke yake paka hahamishwi. Tulifunga kizimba kikubwa pembeni mwa banda, tukaweka sanduku la kujificha, choo cha mchanga, maji, na blanketi lao lenye harufu waliyoizoea. Mzee akauliza, "Nikiwalisha, si wataacha kukamata panya?" Nikamwambia hapana. Paka hata akishiba huwinda, ila mwenye njaa hutoroka kwenda kutafuta kwingine. Nikamwomba pia aondoe sumu yote ya panya, kwa sababu paka akimla panya aliyekula sumu, naye hudhurika. Kulalia tukawawekea mabua makavu ya ngano. Majani makavu ya malisho hayafai, maana hunyonya unyevu, na unyevu wakati wa theluji unaua.

Halafu nikarudia lile ninalolirudia kila mahali: wiki tatu hadi nne, mlango wa kizimba haufunguliwi. Wasikie sauti za ng'ombe, wazoee harufu, wajue chakula kinakuja saa ngapi na kwa mkono wa nani.

Mwaka jana mwenyeji mmoja aliwaonea huruma paka wawili niliompelekea, akafungua siku ya nne. Wote wawili waliondoka usiku uleule. Nilitembea kwenye mashamba ya mahindi jioni saba mfululizo, nikigonga kopo na kuacha chakula kando ya uzio. Sikuwaona tena. Walikuwa wanatafuta kwao, nami niliwapeleka mbali na kwao. Tangu hapo siondoki kwa mtu mpaka anirudishie maelekezo yote kwa mdomo wake.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa niliyoisubiri. Banda jingine, wiki ya nne imetimia. Mama mwenye shamba na mimi tulifungua mlango wa kizimba kabla tu ya chakula, tukakaa mbali juu ya magunia. Robo saa nzima, kimya. Mama akagonga bakuli kama alivyogonga kila jioni kwa siku ishirini na nane. Yule mweusi akatoa kichwa, akanusa nguzo, akajisugua ubavu mara mbili. Nilishika mdomo nisitoe sauti. Wa madoa hakutoka sandukuni. Tukaondoka taratibu, mlango tukauacha wazi.

Saa tatu usiku ukaja ujumbe wa mama: bakuli zote mbili tupu, mweusi amelala juu ya mabua, wa madoa hajaonekana. Nimemjibu kesho aweke chakula saa ileile, na sanduku asiliguse.